Miaka Miwili ya Ziada

Pale Mafeteng, mji wa Wasotho, hakuna aliyejua kwamba jina lake ni Weng Cuilan. Kwa watu wote alikuwa Mama Puleng, na kwa miaka saba mizima huyo Puleng mwenyewe hakuna aliyemtia machoni. Siku alipofungua duka, wanawake wa jirani walimuuliza kama ana mtoto. Akasema anaye, wa kike, yuko kwao Fuqing, nchi ya Wachina, kwa bibi yake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile baada ya ukame mrefu, basi wakampa mtoto jina papo hapo, Puleng, wa mvuani, na mama naye akapata lake. Mtu akiita kutoka mlangoni, "Mama Puleng, nipe mshumaa," alijisikia kama mtu mwenye mtoto.

Haya, msimhukumu upesi. Wa Fuqing wote hufanya vile. Vijiji vya kwao vimejaa mabibi na wajukuu, na katikati hakuna mtu, maana walio katikati wako nyuma ya kaunta huko na huko duniani. Mtoto mchanga na duka havikai pamoja. Unga unapakuliwa, mablanketi yanahesabiwa, wezi wanavizia, na mume wako Jinbiao yuko njiani kufuata mzigo Johannesburg. Nani atambeba mtoto? Basi kabla hata ya duka la Mafeteng Cuilan alikwenda kwao kujifungua, akanyonyesha miezi mitano, akamwacha. Ndani ya ndege alijifungia chooni akakamua maziwa kwenye sinki, akayatazama yakienda. Hilo hakumwambia mtu, hata Jinbiao.

Siku mtoto alipoletwa, alishuka kwenye pikapu akiwa ameshika mfuko wa mikate ya bibi, ile migumu yenye tundu katikati. Binamu aliyemsindikiza akamsukuma mgongoni.

"Mwamkie mama yako."

Mtoto akamtazama Cuilan kuanzia viatu hadi nywele. "Huyu siye. Mama yangu yuko kwenye simu."

Watu wazima wakacheka. Na Cuilan akacheka, kwani angefanyaje? Akaingia ndani kuchemsha tambi, na mvuke ukamsaidia kuficha uso.

Wiki iliyofuata akampeleka shule. Hiyo ndiyo sababu ya kumleta: kule Fuqing bibi amezeeka, hajui kusoma, na Cuilan mwenyewe aliishia darasa la nne kwa kuwa kaka yake ndiye aliyesomeshwa. Alikuwa na jambo moja tu kichwani, na alilirudia mpaka Jinbiao akachoka kulisikia: "Mwanangu hatasimama nyuma ya kaunta." Hakuomba gari wala ghorofa. Aliomba hilo tu.

Mwalimu mkuu, 'Me Mpolokeng, yaani Mama Mpolokeng kwa Kisotho, alikuwa mteja wake wa chai na sabuni. Alifungua rejista, akavaa miwani.

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa," Cuilan akajibu bila kupepesa macho. Kisotho chake kilikuwa cha dukani, lakini namba alizijua kuliko Wasotho.

"Tisa! Na udogo huu? Mama Puleng, Wachina mnakula kweli, au mnauza tu?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. 'Me Mpolokeng akatoa tisa kwenye mwaka ule, akaandika mwaka wa kuzaliwa. Akauliza cheti. Cuilan akasema pasipoti iko Uhamiaji, inasubiri kibali. "Utaleta," mwalimu akasema, na huo ukawa mwisho wa kuulizana.

Ndugu zangu, mtoto yule alikuwa na miaka saba na nusu. Lakini Cuilan hakudanganya hata chembe! Kwao mtoto hazaliwi na sifuri kama deni lililofutwa. Anazaliwa ana mwaka mmoja tayari, ule wa tumboni, na mwaka mpya wao, unaofuata mwezi wa angani, ukiingia kila mtu huongezewa mmoja, mkubwa kwa mdogo, kwa siku moja. Puleng alizaliwa siku sita kabla ya mwaka mpya. Alipotimiza wiki alikuwa na miaka miwili, na bibi mkunga akasema ana haraka ya kukua huyu. Hivyo ndivyo Cuilan alivyohesabiwa yeye, na mama yake kabla yake. Ukimwuliza mwanawe ana umri gani, hesabu inatoka mdomoni yenyewe. Tena mwaka ule wa tumboni ndio pekee aliokaa na mwanawe bila kumkabidhi mtu. Angeuachaje nje?

Shule ilimpokea Puleng kama shule zinavyopokea wageni, yaani vibaya. Watoto walivuta macho yao kwa vidole. Walimwita Mchina Mchina mpaka likawa wimbo wa kurukia kamba. Wakati wa chakula walisimama mbele yake wakimwangalia anavyokula papa, ugali wa kule, na maharage, wakingoja avitapike. Na kwa kuwa rejista ilisema ni mkubwa wao wote darasa la pili, ingawa alikuwa mfupi kuliko wote, walimpachika jina Nkhono, bibi.

"Nkhono, meno yako umeyaweka wapi?"

"Nkhono, pensheni imetoka?"

Miezi sita mtoto hakusema neno shuleni. Nyumbani nako alisema na baba yake kidogo, na simu ya bibi yake sana. Mama yake hakumwita mama wala shangazi. Akitaka kitu alikuja akasimama karibu mpaka aonekane. Cuilan alimpikia tambi za viazi vitamu, akamshonea kola ya sare mara tatu, na usiku alikaa kando yake akimtazama anaandika herufi ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuzitofautisha. Kwenye mkutano wa wazazi alikaa mstari wa mbele na kupiga makofi wenzake walipopiga. Mara moja alipiga makofi peke yake, mwalimu aliposema kuna mtoto haogi. Alikuwa anasemwa wa kwake. Puleng alimweleza hilo njiani, neno kwa neno, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha kwa kirefu.

"Usije tena mkutanoni," akamalizia.

"Nitakuja."

"Basi ukija usipige makofi."

Lakini damu si maji, na mtoto yule alikuwa na kichwa. Mwaka wa pili alikuwa anatukana kwa Kisotho kuliko waliomtukana. Mwaka wa nne akawa wa kwanza darasani, kwa Kisotho chenyewe, mpaka mzazi mmoja akaenda kulalamika kwamba haiwezekani. Jioni alisimama dukani kumsaidia mama yake na watu wa kodi, watu wa afya, watu wa mizani, wote waliokuja na karatasi. Siku hizo Cuilan alimrudisha kitabuni mara karatasi ilipoondoka. "Nenda. Kaunta si yako." Na siku moja tu, katikati ya kutafsiri ugomvi wa unga uliopungua uzito, mtoto alisema, "Mama, anataka arudishiwe chote." Aliteleza tu. Cuilan akamrudishia mteja chote, akamwongezea na sukari.

Darasa la saba lilipokwisha ikaja habari. Kule milimani kuna shule ya bweni ya watawa, na kila wilaya hupewa nafasi moja kwa msichana aliyeongoza: ada, vitabu, kitanda, mpaka mwisho. Aliyeongoza Mafeteng alikuwa Yan Suyu, ndiye Puleng wetu. Wa pili alikuwa Relebohile, binti wa mama muuza mboga pale mkabala na duka. Cuilan alisikia habari akiwa juu ya ngazi anapanga ndoo. Alishuka, akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo mji haukuwahi kuliona. Jinbiao alidhani kuna msiba.

"Miaka mitano bweni," akasema Jinbiao baada ya kuelezwa. "Na nani atasoma karatasi hapa?"

"Wewe utasoma."

"Mimi!"

"Basi zitakaa bila kusomwa. Mwanangu hatasimama nyuma ya kaunta."

Wiki mbili baadaye 'Me Mpolokeng akaja dukani, na hakuja kwa chai. Aliketi kwenye gunia. Puleng akasimama katikati yao kutafsiri, kama kawaida.

"Watawa wameona pasipoti," akasema mwalimu. "Inasema huyu atakuwa na miaka kumi na tatu mwaka ujao. Cheti cha darasa la saba kinasema kumi na tano. Wao mwisho ni kumi na nne. Wanauliza ipi ni kweli."

"Kumi na tatu ya vitabu," Cuilan akasema. "Kumi na tano ya kwetu. Yote kweli." Akaeleza: mwaka wa tumboni, mwaka mpya, siku sita. Puleng alitafsiri huku uso unamwiva. Hakuwahi kujua kwamba jina la Nkhono, miaka yote ile, lilitoka kinywani mwa mama yake.

'Me Mpolokeng alivua miwani. "Mimi nakuamini. Lakini watu wameshaanza kusema. Eti Wachina hubadilisha pasipoti kama soksi. Watawa wanataka hati ya kiapo, wewe mwenyewe mama, mbele ya polisi, kwamba ulitaja umri usio sahihi. Iwafikie Ijumaa saa sita. Isipofika, nafasi ni ya wa pili."

"Karatasi moja tu?" Cuilan akauliza.

"Moja, na muhuri."

Jinbiao aliposikia neno polisi alikaa chini. Kibali chao cha kuishi kilikuwa kimekwisha siku kumi na moja nyuma. Maombi mapya yalikuwa Uhamiaji, na walichokuwa nacho mkononi ni kikaratasi cha kusubiri, chenye muhuri uliofifia, ambacho afisa mmoja hukikubali na mwingine hukitupa.

"Cuilan, una akili?" akasema. "Uende polisi kwa miguu yako mwenyewe ukaseme niliidanganya serikali? Wiki hii? Wenzetu wa mji wa Mohale's Hoek walifukuzwa kwa dogo kuliko hilo. Tukifukuzwa, atasoma wapi huyo mtoto? Mtarudi Fuqing mkauze viazi?"

"Ni karatasi moja."

"Nyoka naye ni mmoja."

Cuilan hakulala. Asubuhi ya Alhamisi akavaa blauzi yake nyeupe, akamshika Puleng mkono, wakaenda. Mtoto alikubali kushikwa mkono njia nzima.

Kituoni kulikuwa na Sajini aliyekuwa akinunua vocha kwake kila mwisho wa mwezi. Alimkaribisha kwa bashasha. "Mama Puleng! Nani amekuibia leo?"

Puleng akaeleza. Sajini akatoa fomu, akalamba kidole.

"Rahisi. Naandika: mimi fulani naapa kwamba nilitoa taarifa za uongo."

Cuilan alilijua neno la uongo. Analisikia kila siku dukani. "Si uongo," akasema kwa Kisotho chake. "Nilihesabu kwa njia ya kwetu."

"Mama, fomu haina mahali pa njia ya kwenu. Ni kweli au uongo. Haya, kazaliwa tarehe ngapi?"

"Mwezi wa kumi na mbili, siku ya ishirini na nne."

Sajini akatazama pasipoti. "Hapa imeandikwa Februari."

"Mwezi wa kumi na mbili wa mwezi," Puleng akadakia. "Wa mbinguni. Wanafuata mwezi."

"Sawa, lakini kwenye kalenda ile pale ukutani?" Sajini akaelekeza kalamu. "Mama mtu, siku uliyomzaa mwanao ni ipi?"

Cuilan akaitazama kalenda ile ya kampuni ya mbolea. Hakujua. Aliyekwenda kuandikisha kuzaliwa alikuwa bibi. Yeye alikuwa anafunga mizigo. Asiyekuwepo na lake halipo. Angeweza kumwambia ilikuwa baridi kiasi gani, na saa ngapi, na nani alishika taa, lakini siku ya kalenda hakuwa nayo.

"Hajui," akasema Puleng.

"Hajui?" Sajini akacheka kidogo, bila ubaya. "Basi tuandike hivyo hivyo, hajui. Hakuna neno. Nipe pasipoti yako wewe na kibali chako, nichukue namba, tumalize."

Mkono wa Cuilan ulikuwa tayari ndani ya mkoba, umeshika kile kikaratasi. Nje ya dirisha gari la Uhamiaji lilikuwa limeegeshwa, maana ofisi zao ziko ua mmoja na polisi, na mji mzima unajua hivyo. Kichwani alimwona Jinbiao amekaa juu ya masanduku. Aliliona duka limefungwa kwa mnyororo wa serikali. Sajini alikuwa amenyoosha kiganja, anangoja, wala hakuwa na shari yoyote. Mungu wangu, kama angalau angekuwa mtu mbaya!

"Nimesahau nyumbani," Cuilan akasema. "Nakuja."

"Mama, imo kwenye mkoba," Puleng akasema kwa lugha yao, polepole. "Nimekuona unaiweka."

"Nimesahau. Twende."

"Mama. Ni kesho saa sita."

"Twende!"

Wakatoka. Nje ya lango mtoto aliuvuta mkono wake akasimama. Hakulia, na heri angelia.

"Mara ya kwanza uliniacha sijui kusema," akamwambia. "Sasa najua lugha tatu, na bado umeniacha."

Cuilan alitaka kumwambia habari ya ndege, ya sinki, ya maziwa. Midomo ikafunguka, ikatoka sentensi ya Jinbiao. "Tukifukuzwa utasoma wapi?"

"Kwani sasa nasoma wapi?"

Alimwacha mama yake pale akatangulia. Ijumaa saa sita ilifika kama inavyofika kila wiki. Mchana ule Cuilan aliuza mishumaa, chumvi, na betri mbili, na kila mteja alipoingia alitazama saa. Saa nane 'Me Mpolokeng alipita kando ya duka bila kuingia.

Mnajua jambo la kuudhi kuliko yote? Kibali kilitoka baada ya siku tisa. Afisa aliyekileta hakuuliza chochote, alitaka soda tu.

Kulikuwa na sekondari ya mjini, ndiyo. Wanafunzi themanini darasa moja, na mwalimu wa hesabu hayupo tangu Pasaka. Cuilan alisema amwandikishe huko. Puleng akasema hapana, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa chai. Cuilan alibembeleza, akafoka, akampigia bibi simu ili amseme. Bibi akamsema, mtoto akamsikiliza kwa adabu zote, kisha akaenda kuchukua aproni ya bluu iliyoning'inia mlangoni akaivaa.

"Vua hiyo," mama yake akasema.

"Mbona inanitosha?"

Alhamisi ya mwisho wa Januari, duka likiwa limejaa, waliingia Mama Relebohile na binti yake. Mama mtu amejifunga blanketi lake la sherehe, mkononi ana orodha kutoka kwa watawa, na anaona haya. Alikuwa amezunguka maduka mengine yote ya mji kwanza. Cuilan alimwona kupitia mlango akiingia na kutoka. Lakini matranka ya bati yalikuwa hapo tu.

"Mama Puleng," akasema, akitazama sakafu. "Samahani, mwenzangu. Ningepata kwingine ningenunua kwingine."

"Karibu," Cuilan akasema. "Karibu sana."

Puleng ndiye aliyeichukua orodha. Aliisoma kwa sauti, kitu kimoja kimoja, akipanda na kushuka ngazi: tranka moja, shuka mbili nyeupe, blanketi la kijivu, ndoo, kikombe cha bati, soksi nyeusi jozi tatu. Alikagua bawaba za tranka, akalikataa la kwanza kwa kuwa lilikuwa na kutu, akashusha jingine. Alipanga kila kitu ndani kwa mkono wa mtu aliyewahi kufikiria namna ya kukipanga.

Relebohile alikuwa amesimama kando anakunja ncha ya kola yake mpya. Yeye ndiye mmoja wa wale walioruka kamba kwa wimbo wa Mchina. Sasa hakuwa na wimbo. "Puleng," akanong'ona, "wewe kweli huendi popote?"

"Mimi?" Puleng akafunga kifuniko cha tranka, akakigonga kwa kiganja kikae sawa. "Mimi nimeshazeeka, dada. Umri umenipita. Muulize mama."

Wateja waliokuwa karibu walicheka, wakidhani ni mzaha wa wasichana. Mama Relebohile hakucheka. Alimtazama Cuilan, na Cuilan akainama chini ya kaunta kutafuta kufuli, kwa sababu bweni bila kufuli wanaiba.